Mto Ruaha Mkuu upewe haki zake mahakamani? Na mkulima na mfugaji wa Usangu waende wapi?

#1 Msafiri_wa_Msembe
Wakuu salaam. Mimi ni dereva wa watalii, kiangazi naingia hifadhi ya Ruaha karibu kila wiki. Juzi nimesimamisha gari pale mtoni Msembe nikazima injini. Mto mzima ni mchanga, kumebaki dimbwi moja rangi ya chai ya maziwa, viboko wamebanana humo mgongo kwa mgongo, wale wa pembeni tope limewakaukia mpaka limepasuka kama ukuta wa nyumba ya udongo. Pembeni tembo jike anachimba mchanga kwa mguu, anangoja maji yajichuje, anavuta kidogo, halafu anampisha mtoto. Mgeni wangu akaniuliza huu mto una mwenyewe? Nikakosa jibu.

Wazee wanasema zamani Ruaha ilikuwa haikauki. Tangu 1993 inakatika kila kiangazi. Mwaka 2001 waziri mkuu wa wakati ule, Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba ikifika 2010 mto utatiririka mwaka mzima. 2010 ilishapita zamani.

Hoja yangu: New Zealand 2017 waliufanya mto Whanganui kuwa mtu kisheria. Ecuador wameziweka haki za maumbile kwenye katiba tangu 2008. Majirani zetu Uganda wamezipa haki mito na misitu yote kwa sheria ya 2019. Sisi tunasubiri nini? Ruaha ipewe haki ya kutiririka, iwe na wakili wake, atakayeikata ashtakiwe. Nawasilisha.

#2 kahawa_chungu
Nimekaa mkeka wa mbele kabisa, waje wajuzi.

#3 Mtoto_wa_Ihefu
Mkuu mleta uzi nimekusoma mpaka mwisho na hiyo picha ya tembo imeniingia. Ila naomba na mimi unisikilize.

2006 nilikuwa darasa la tano, kwetu ni Usangu, ile tambarare ya Mbeya maji ya Ruaha yanakopitia kabla ya kuingia hifadhini, mzee alikuwa na ng'ombe kama mia na arobaini. Tukaambiwa mto unakauka kwa sababu yetu, tutoke. Hatukupewa muda wa maana. Ng'ombe wengine waliuzwa kwa bei ya kutupa pale pale barabarani maana mnunuzi anaona kabisa huna pa kwenda nao, ndama wakafa kwenye lori njiani wakikanyagwa na wakubwa. Tukashushwa Lindi. Lindi kuna mbung'o, ng'ombe wetu hawakuizoea, mpaka masika inaisha tumebaki na kumi na saba. Mama alikuwa anawahesabu kila jioni, kila jioni anarudia mara mbili kama vile amekosea.

Sasa tumetoka, miaka imepita, na wewe juzi umekuta dimbwi. Kwa hiyo nikisikia "mto upewe haki" swali langu ni moja tu, hiyo haki itakuja kutekelezwa na nani na kwa nani? Kwa sababu nikiangalia nyuma naona ataguswa yule yule asiye na karatasi.

#4 kahawa_chungu
Pole sana kaka.

#5 Wakili_wa_Mtaani
Pole mkuu #3, nitarudi kwenye hoja yako, nianze na sheria kidogo.

Mto kuwa mtu kisheria watu wanacheka lakini kampuni nayo ni mtu kisheria na haina miguu wala haili ugali, inashtaki na kushtakiwa kila siku, hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo kitaalamu inawezekana.

Lakini msidhani hapa kwetu hakuna kitu kabisa. 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji la Dar kwa sababu ya dampo la taka, moshi na harufu usiku na mchana, Mahakama Kuu ikasema kuwawekea watu hali ile ni kuhatarisha uhai wao, na haki ya kuishi ipo ibara ya 14 ya katiba. Halafu Sheria ya Mazingira ya 2004 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kudai mazingira safi, na kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 imepanga foleni kabisa: kwanza maji ya binadamu kunywa na kupikia, pili maji ya mazingira yaani fungu la mto wenyewe, ndipo waje wengine wote, umwagiliaji, umeme, viwanda.

Kwa hiyo kwenye karatasi mto tayari una fungu lake, tena namba mbili. Kilichokosekana ni wa kusimama kulidai. Hapo ndo naona hoja ya mleta uzi ina mashiko.

#6 Gridi_Imara
Tuseme ukweli jamani, mifugo ilizidi. Mnakumbuka mgao wa umeme wa 2006? Bwawa la umeme la Mtera lilikauka tukakaa giza nchi nzima kwa sababu watu wamejaza ng'ombe kwenye chanzo cha maji. Pole kwa waliohamishwa lakini nchi haiwezi kulala gizani.

#7 Fundi_Banio
@Gridi_Imara hapo ngoja nikusahihishe kwa upole maana hiyo kauli imeumiza watu wengi. Mimi nimefanya kazi ya skimu za umwagiliaji Usangu tangu kijana, sasa ni mzee nalima vitunguu vyangu.

Mtera haijazwi na kiangazi. Inajazwa na maji ya masika, na masika Ruaha inashuka kama kawaida. Tena Mtera haitegemei Ruaha Mkuu peke yake, kuna Ruaha Mdogo inayopita Iringa na kuna Kisigo. Bwawa lilijengwa litunze maji kwa ajili ya kituo cha umeme cha Kidatu kule chini, sasa ukifungulia kuliko kinachoingia halafu mvua ikakosekana, bwawa litashuka tu hata Usangu asingekuwepo ng'ombe mmoja. Watafiti waliokaa kule miaka wameliandika hili wazi.

Sasa kwa nini mto unakatika kiangazi? Sikilizeni. Mito inatoka milimani, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha yenyewe, inamwagika kwenye tambarare, inakusanyika kwenye kinamasi cha Ihefu kama maji kwenye sinia. Sinia hilo lina mdomo mmoja tu wa kutokea, panaitwa Ng'iriama, na pale mdomoni kuna mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba mto unatoka unaenda hifadhini. Maji yakishuka chini ya mwamba hata kwa shibiri moja, basi, hakitoki kitu, ingawa nyuma yake bado kuna maji mengi tu yamekaa. Ndo maana unaona mto unakatika ghafla.

Na kinachoshusha maji pale, mimi kwa macho yangu, ni mifereji. Zamani banio, yaani kizuizi cha kuingiza maji mferejini, lilikuwa la mawe, magogo na nyasi, linavuja, na kile kinachovuja ndo kilikuwa chakula cha mto kiangazi. Tukaja sisi mafundi na miradi yetu tukajenga mabanio ya zege na milango ya chuma, tukaita skimu iliyoboreshwa. Zege halivuji. Mpunga umeshavunwa, mwezi wa nane, wa tisa, mfereji bado umejaa, unaenda kumwagika kwenye majaruba matupu, watu wanachota ndoo za kufulia na yanayobaki yanakunywewa na jua. Nimejenga mabanio matatu ya namna hiyo na nilikuwa naamini natenda mema.

#8 Gridi_Imara
@Fundi_Banio shikamoo mzee. Hiyo ya Kisigo na Ruaha Mdogo sikuijua, nimekubali. Ila bado nasema ng'ombe wengi kwenye bonde oevu ni tatizo.

#9 Fundi_Banio
Marahaba. Sijasema ng'ombe hawana neno. Nimesema hawakuzima taa.

#10 Mama_Jaruba
Mimi nalima mpunga Mbarali ekari mbili za kukodi, Mungu akijalia napata ekari ya tatu. Nimesoma hapa watu wanazungumza mabanio kana kwamba ni wezi wamekaa kule.

Niwaeleze zamu ya maji ilivyo. Mimi nipo mwisho wa mfereji. Wa juu akishiba ndo nakuja mimi, na zamu yangu mara nyingi inaangukia usiku wa manane. Natoka na tochi na jembe, maji yanakuja taratibu kwenye mfereji unasikia yanafanya ssss kwenye nyasi kavu kabla hujayaona, nakata tuta nayaingiza jaruba la kwanza, nasimama na miguu ndani mpaka yafike kifundo, nafunga, nakata la pili. Nikisinzia kidogo wa pembeni ameshayavuta kwake. Huo mchele mnaouita mchele wa Mbeya mnaokula Dar kwenye harusi ndo unatoka hapo.

Sasa mto ukipewa wakili sawa. Lakini mimi wa mwisho wa mfereji wakili wangu nani? Maana mahakama ikisema punguzeni maji, hatapunguziwa mwenye shamba la mamia ya ekari na kibali chake ofisini, nitapunguziwa mimi. Mnataka kunipeleka kwenye kesi na mto wakati mimi na mto wote tuko mwisho wa foleni.

#11 Mtoto_wa_Ihefu
Mama umemaliza.

#12 kahawa_chungu
Dada mimi nilikuwa najua mchele unatoka dukani tu, leo nimepata adabu. Hivi ni kweli mpunga wa kumwagilia Usangu ulianzishwa na Wabaluchi?

#13 Fundi_Banio
Kweli kabisa, ndio walioanzisha mifereji mingi, enzi za mkoloni. Wajukuu zao wapo Rujewa mpaka leo, Wasangu wenzetu kabisa kwa lugha na kwa kuoleana. Mashamba makubwa ya serikali yalikuja baadaye, Mbarali miaka ya 70 kwa msaada wa Wachina, halafu Kapunga.

#14 Kampala_Mjini
Habari zenu ndugu. Nasahihisha kidogo post #1. Sheria yetu ya 2019 kifungu cha 4 inasema maumbile yana haki ya kuwepo, kuendelea na kujirejesha, na mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Hapo sawa. Lakini inaendelea kusema waziri ndiye atatunga kanuni kuonyesha ni maeneo gani ya uhifadhi yanahusika. Kwa hiyo siyo "mito na misitu yote". Waziri ameshika ufunguo. Msituigize kabla hamjasoma mstari wa mwisho.

#15 Msafiri_wa_Msembe
Asante @Kampala_Mjini, nimekosea hapo, nilisoma kichwa cha habari. Na @Mtoto_wa_Ihefu nimesoma habari ya mama yako kuhesabu mara mbili, sikulala vizuri jana. Sikuleta uzi ili watu wahamishwe tena, naapa.

#16 kisiwa_cha_mbali
Salaam kutoka New Zealand, nipo huku mwaka wa sita. Naona Whanganui inatajwa kama vile wazungu waliamka asubuhi wakauonea mto huruma. Siyo hivyo. Wamaori wa mto ule walikuwa wanadai tangu miaka ya 1870, wamepeleka malalamiko bungeni, wamekwenda mahakamani vizazi kwa vizazi kwamba mto ni wao na wao ni wa mto. Wana msemo wao, mimi ni mto na mto ni mimi. Sheria ya 2017 ni suluhu ya ule mgogoro. Serikali iliomba radhi, ikalipa dola milioni 80 za huku kama fidia, ikaweka milioni 30 nyingine kwenye mfuko wa afya ya mto. Wasemaji wa mto wako wawili, mmoja anateuliwa na wenyeji mmoja na serikali.

Na kabla ya hapo, 2014, Te Urewera ilikuwa hifadhi ya taifa, wakaifuta uhifadhi wa taifa, ardhi ikajimiliki yenyewe, na wenyeji wa Tūhoe wakaingia kwenye bodi ya kuiongoza. Yaani huku haki ya maumbile ilikuja kuwarudisha watu. Kwenu mnaongelea kuwatoa. Jina moja lakini safari mbili tofauti.

#17 Gridi_Imara
@kisiwa_cha_mbali na umeme wao je? Hawana mabwawa?

#18 kisiwa_cha_mbali
Wanayo, na hapo umegusa penyewe. Kuna mradi wa umeme wa Tongariro unachepusha maji ya juu kabisa ya mto huo huo tangu zamani, na sheria ya 2017 haikugusa vibali vilivyokuwepo. Mto ni mtu lakini maji yake ya kichwani bado yanachepushwa. Wenyeji wengine bado wana uchungu na hilo.

#19 Gridi_Imara
Basi nimepata usingizi mzuri leo.

#20 Mau_Summit
Wakenya pia tumo. Niwape yetu. Serikali ilikuwa inawaondoa Waogiek msitu wa Mau ikisema ni kulinda chemchemi ya maji. Kesi ikaenda mpaka hapo kwenu Arusha, Mahakama ya Afrika, Mei 2017 ikaamua Kenya imevunja haki zao na kwamba haikuthibitisha kuwa hao Waogiek ndio waliomaliza msitu. Juni 2022 ikaamuru fidia, milioni 57.85 za hasara na milioni 100 za maumivu, shilingi za Kenya, na warudishiwe ardhi yao. Sasa uliza kama wamelala kwao kwa amani. Hukumu ni kitu kimoja, geti la msitu ni kingine.

Ila katiba yetu ya 2010 ibara ya 70 ni nzuri, unaenda korti kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Hapo mto hauhitaji kuwa mtu, unahitaji tu jirani mwenye nauli ya kwenda korti.

#21 Wakili_wa_Mtaani
Post #20 imesimama. Niongezee Ecuador kwa sababu ndo wanasifiwa kuliko wote. Kesi ya kwanza mto kushinda ilikuwa Vilcabamba, 2011, serikali ya mkoa ilikuwa inapanua barabara ikatupa mawe mtoni. Mto ulishinda, safi. Lakini waliofungua kesi ni wageni wawili kutoka Marekani waliokuwa na ardhi yao pale chini. Mwaka huo huo wa 2011 kule Esmeraldas haki hizo hizo za maumbile zilitumika kupeleka jeshi kulipua makatapila ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wakati huo huo mafuta ya nchi yanaendelea kuchimbwa Amazon.

Nisiwaonee lakini. 2021 mahakama yao ya katiba iliuokoa msitu wa Los Cedros dhidi ya uchimbaji mkubwa wa madini, tena kampuni ya serikali ikiwemo. Na Agosti 2023 wananchi wenyewe walipiga kura, karibu asilimia 59, mafuta ya eneo la ITT ndani ya hifadhi ya Yasuní yabaki chini. Kwa hiyo panga ni lile lile, angalia limeshikwa na nani.

#22 Mau_Summit
India mliisahau. Machi 2017 mahakama ya Uttarakhand ikasema Ganga na Yamuna ni watu, Julai Mahakama ya Juu ikasimamisha. Serikali ya jimbo yenyewe iliuliza, mto ukifurika ukaua watu, nani atashtakiwa, na fidia italipwa na nani?

#23 kahawa_chungu
Hilo swali la mafuriko kwa watu wa Jangwani litawafaa sana. Mto Msimbazi wa Dar ukipewa uraia tuanze nao kesi 😂

#24 Mama_Jaruba
Kahawa wewe utaleta kahawa lini, umekalia mkeka tu.

#25 Mkaa_Njombe
Mnalaumu bonde, mnalaumu ng'ombe, juu hamuangalii. Mimi niko huku milimani. Kila bonde lililokuwa na majani na chemchemi sasa kuna kinyungu cha mahindi ya kiangazi au mikaratusi imepandwa mpaka kwenye kitako cha chemchemi. Mkaratusi unakunywa. Kwa bibi yangu kulikuwa na kisima cha msituni, huruhusiwi kukata hata fito bila mzee wa ukoo kujua, na ukiingia unavua viatu. Hakuna aliyekiita mtu kisheria lakini kilikuwa na heshima kuliko mwenyekiti wa kijiji. Bibi alipofariki wajomba wakagawana wakapanda miti ya mbao. Kisima kimekauka. Hapo simlaumu mkoloni wala waziri, ni sisi.

#26 Fundi_Banio
Hapo kuna ukweli mdogo wangu, ila Ruaha ilianza kukatika 1993 kabla mikaratusi haijashika kasi hivi. Inaongeza, haikuanzisha.

#27 Mkaa_Njombe
Sikubali mzee lakini nakuheshimu.

#28 Rujewa_Stendi
Naona hamjalitaja tangazo la serikali, GN 754. Wengine huku ndo maisha yetu. 2008 pori la akiba la Usangu liliunganishwa na hifadhi ya Ruaha, ikapanda mpaka zaidi ya kilomita za mraba elfu 20. Vijiji vikajikuta ndani ya mstari. Miaka ikapita watu wanaishi, shule ipo, zahanati ipo, kura tunapiga. 2023 ikatoka GN 754 ya kurekebisha mpaka, kuna vijiji vikapona na kuna vilivyoambiwa vipishe. Kulikuwa na mradi wa REGROW wa Benki ya Dunia, dola milioni 150, wa utalii na uhifadhi kusini. Watu wa huku walipeleka malalamiko, Aprili 2024 benki ikasimamisha kutoa fedha, na kabla mwaka haujaisha mradi ukafutwa.

Sasa niambieni, hiyo yote ilifanyika kwa jina la mto na wanyama bila mto kuwa na haki yoyote ya kimahakama. Je ukiwa nayo? @Msafiri_wa_Msembe wewe unaishi kwa mshahara wa hao viboko, sisemi kwa ubaya, ila useme wazi.

#29 Msafiri_wa_Msembe
Nasema wazi. Watoto wangu wanakula kwa sababu mgeni anakuja kuona mto na wanyama. Na kwa sababu hiyo hiyo nimeuona mto ukifa kiangazi baada ya kiangazi, wewe umeona hati za mpaka, mimi nimeona nyati amekufa amelala mdomo kwenye tope akielekea maji. Hayo mawili yote ni kweli na sijui nani ameniambia nichague moja.

Labda nibadilishe swali. Tuseme wasemaji wa mto wawe watu wa mto. Mmoja kutoka mwisho wa mfereji kama Mama_Jaruba, mmoja mfugaji, mmoja wa hifadhini, mmoja wa milimani. Na kesi ya kwanza isiwe kumtoa mtu, iwe kufunga milango ya mabanio mwezi wa nane wakati mpunga umeshavunwa, na kila kijiji kichimbiwe kisima ili maji ya ndoo yasitegemee mfereji mzima. Mzee Fundi hapo nimekosea?

#30 Fundi_Banio
Hujakosea. Visima ndo ufunguo. Ukimfungia mama mfereji bila kisima atavunja kufuli usiku, na mimi nitamshikia tochi. Na uanze na mashamba makubwa kwanza, wadogo waone.

#31 Wakili_wa_Mtaani
Hilo halihitaji hata katiba mpya, bodi ya maji ya bonde ina uwezo wa kugusa masharti ya kibali sasa hivi. Ila nabaki na wasiwasi, bodi inaweza kusahau, mto wenye wakili hausahauliki.

#32 Mtoto_wa_Ihefu
Mfugaji umemweka kwenye hiyo meza yako, asante. Ila atatoka wapi? Wa Usangu tulitawanywa, wengine Kilwa, wengine Rufiji, wengine wameshagombana na wakulima huko na kuzika watu. Kabla mto haujapewa kiti, kuna watu kiti chao kilichukuliwa na hakijarudi. Mimi sitapinga mto. Nataka tu anayeusemea aanze kwa kutaja hilo jina letu kwanza.

#33 Gridi_Imara
@Mtoto_wa_Ihefu nisamehe kwa post #6.

#34 Mtoto_wa_Ihefu
Yameisha kaka.

#35 kahawa_chungu
Mzee Fundi nina swali la mwisho, mwaka huu pale kwenye mwamba Ng'iriama hali ikoje?

#36 Fundi_Banio
Nimempigia kijana wangu mmoja anavua kambale karibu na pale. Anasema maji yako chini ya mdomo wa mwamba, ameweka mkono kati ya maji na jiwe ukaingia wote na nafasi ikabaki. Milimani wingu limeanza kufunga jioni lakini mvua bado. Akinipa habari nyingine nitaleta hapa.

#37 Mama_Jaruba
Ulete mzee. Na mimi zamu yangu leo ni saa nane usiku, tutaonana asubuhi.